Mnara wa Tangi Unaliwa Kuanzia Chini: Namna ya Kuiwahi Kutu Shambani

Ukimuuliza kijana mwenye kitalu nyumba anamhofia mdudu gani, hatasita: kantangaze, inzi weupe, utitiri mwekundu. Dawa anazijua kwa majina, ratiba ya kupuliza anayo, daftari la kumbukumbu analo. Sasa muulize nguzo za hicho kitalu alizikagua lini mara ya mwisho. Atakuangalia kama vile umemuuliza habari za shamba la jirani.

Wala si ajabu. Mafunzo mengi ya kilimo ni ya mimea na mifugo. Chuma kinaachiwa fundi. Fundi naye akishachomelea na kulipwa, ameondoka zake. Chuma kinabaki peke yake na mvua, chumvi na mbolea.

Lakini hebu piga hesabu ya hela uliyoizika kwenye chuma: nguzo za kitalu, mnara wa tangi, mapaa ya banda la kuku, uzio, mabomba, tela la trekta. Kwa wakulima vijana wengi ninaowatembelea, chuma ndicho kimebeba sehemu kubwa ya mtaji, na wengine bado wanaulipia mkopo. Mdudu akila nyanya zako umepoteza msimu mmoja. Kutu ikila mguu wa mnara, unaweza kupoteza mtu.

Neno langu la leo ni moja, ukilishika hilo mengine yatafuata: kutu haianzii pale unapoiona, inaanzia pale maji yanapokaa.

Kutu inataka nini

Chuma kinashika kutu kikipata vitu viwili kwa pamoja, maji na oksijeni iliyomo hewani. Kinyime kimoja kati ya hivyo, kutu inasimama. Ongeza chumvi, kazi inakwenda mbio, kwa sababu maji yenye chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, na kutu kimsingi ni umeme mdogo sana unaopita kwenye chuma kutoka doa moja kwenda jingine. Kila unapopita, chuma kidogo kinayeyuka.

Ndiyo maana mkulima wa Bagamoyo, Mkuranga au Pangani analiwa haraka kuliko mwenzake wa Dodoma. Shirika la kimataifa la viwango, ISO, kwenye kiwango chake namba 9223, limepanga mazingira kwa madaraja kulingana na ukali wake. Sehemu kavu za vijijini mara nyingi zinaingia daraja la C2, ambapo zinki inayokinga chuma inapungua mikroni 0.1 hadi 0.7 katika mwaka wa kwanza. Maeneo ya pwani yasiyorushiwa maji ya bahari moja kwa moja yanaweza kufika C4, mikroni 2.1 hadi 4.2. Ufukweni penye chumvi nyingi ni C5, mikroni 4.2 hadi 8.4. Mikroni 1,000 ndiyo milimita moja, kwa hiyo namba hizi ni ndogo. Tofauti kati yake ndiyo kubwa: bati lile lile linaloishi miaka mingi bara linaweza kuisha mapema sana pwani.

Wa bara nao wasicheke. Shamba lina chumvi zake. Mbolea ya potashi inayoitwa MOP ni kloridi ya potasiamu, ndugu wa damu wa chumvi ya mezani. Mbolea nyingine za chumvichumvi nazo zinavuta unyevu na kuharakisha kutu zikimwagikia chuma. Kinyesi cha kuku kinatoa amonia na kinashika unyevu kwenye nguzo za banda usiku na mchana. Halafu kuna mrututu. Ukichanganya mrututu kwenye ndoo ya bati, shaba iliyomo kwenye maji inajibandika kwenye ndoo, huku zinki na chuma vikiyeyuka kuchukua nafasi yake. Ndoo inaoza na dawa inapungua nguvu. Mrututu ni wa pipa la plastiki, na bomba la kupulizia lisuuzwe siku hiyo hiyo.

Maji yasiyo na njia ya kutoka

Nikupe mfano wa mbali kidogo, maana unaeleza jambo hili kuliko mfano wowote ninaoujua. Tarehe 28 Juni 1983, usiku, kipande cha daraja la mto Mianus kule Connecticut, Marekani, kilianguka na magari yaliyokuwa juu yake. Watu 3 walikufa. Daraja lilikuwa la mwaka 1958, halikuwa zee sana kwa daraja. Wachunguzi walipofuatilia, walikuta kwamba miaka kama 10 kabla ya ajali, barabara ilipowekwa lami upya, matundu ya kutolea maji ya mvua yalizibwa. Maji yakatafuta njia nyingine, yakawa yanashukia kwenye pini zilizokuwa zimening'iniza kile kipande. Kutu ikaota ndani ya kiungo mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi, ikavimba, ikasukuma vyuma mpaka vikatoka mahali pake.

Zingatia hilo la kuvimba. Kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana inapasua zege, inainua rangi, inakaza nati mpaka spana inashindwa.

Sasa rudi shambani kwako na uangalie kwa jicho hilo: maji yanakaa wapi? Mimi huwa naanzia sehemu hizi.

1. Nguzo inapoingia ardhini. Hapa ndipo pabaya kuliko pote. Juu pana hewa na pakavu, chini pana unyevu na oksijeni ni haba, na mpakani vyote viwili vinakutana. Ukirundika udongo, matandazo au samadi kwenye nguzo, umeuhamishia mpaka juu kwenye chuma ambacho hakikuandaliwa.

2. Ndani ya mabomba ya mraba na ya duara. Bomba lililoachwa wazi juu linakusanya mvua. Hata lililofunikwa linaweza kuvuta maji kupitia tundu dogo la kuchomelea. Linaoza kutoka ndani, na kwa nje rangi inang'aa kama siku ya harusi.

3. Kwenye viungo. Vyuma viwili vikilaliana, kati yake pana mwanya ambao maji yanaingia kwa urahisi na kukauka kwa shida. Sehemu zilizochomelewa nazo ziangalie sana, kwa sababu moto umeunguza rangi au zinki.

4. Chini ya tangi. Tangi la plastiki lina kawaida ya kutoa jasho, na bomba la kufurikia likimwaga maji juu ya jukwaa, hapo mabati na boriti zinalowa kila siku, hata kiangazi.

5. Chini ya mapaa. Watu wanadhani sehemu isiyonyeshewa iko salama. Pwani ni kinyume chake. Mvua inaosha chumvi iliyo juu ya bati; ile iliyotua upande wa chini inabaki na kuongezeka.

6. Pale shaba inapokutana na chuma. Koki ya shaba ukiifunga moja kwa moja kwenye bomba la chuma lenye zinki, bomba ndilo linaloumia. Weka kiungo cha plastiki katikati.

Hesabu ya mnara

Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5 za maji juu ya miguu minne, yaani tani 1 na robo kila mguu, kabla hujaongeza uzito wa mnara wenyewe wala upepo unaoliyumbisha tangi.

Chukua mguu wa bomba la mraba la milimita 50 kwa 50, unene wa milimita 2, aina inayouzwa kila duka la vyuma. Ukilikata na kupima chuma chenyewe, unapata milimita za mraba 384. Kutu ikila milimita moja tu kutoka nje, kuzunguka pande zote, zinabaki milimita za mraba 188. Milimita moja imekwenda, na nusu ya mguu imekwenda nayo. Ukija kwenye bomba la unene wa milimita 3, unaanza na 564, na kutu ile ile ikila milimita moja unabaki na 368, karibu sawa na lile jembamba likiwa jipya. Bomba nene lina bei zaidi, ni kweli, lakini sehemu ya bei hiyo unanunua muda.

Na nusu iliyobaki haimaanishi mnara una nusu ya nguvu. Chuma chembamba kilichosimama kinapinda kabla ya kuvunjika, na kikianza kupinda hakitoi taarifa. Mguu mmoja ukienda, uzito unahamia kwa mitatu iliyobaki, na hiyo mitatu imekula kutu ile ile.

Mwaka jana nilikuwa kwenye shamba la hoho, si mbali na bahari. Kijana anajituma, kitalu safi, mnara wake umepakwa rangi ya buluu unapendeza. Nikamwomba tuukague.

"Afisa, huu mnara nimeupaka rangi juzi tu," akaniambia.

"Uliparua kwanza?"

"Fundi alipitisha brashi."

Tukafungua koki, tukaacha tangi likaisha maji, ndipo nikachuchumaa kwenye mguu wa upande wa baharini. Udongo ulikuwa umepanda kama upana wa kiganja. Nikaufukua, nikagonga kwa nyundo ndogo. Juu mguu ulilia kama kengele. Chini ulitoa sauti ya debe lililojaa mchanga. Nikasukuma bisibisi, ikaingia. Kilichokuwa kimesimama pale ni rangi na ganda la kutu; chuma chenyewe kilikuwa kimebaki ukingoni. Mguu wa pili nao ulikuwa njiani.

Tuligeuka wote wawili kuangalia beseni na vigoda vilivyokuwa chini ya mnara. Pale ndipo akina mama watatu wanaofanya kazi kwake hukaa kila jioni kuosha na kupanga hoho, kwa sababu pana kivuli na maji yako karibu. Kijana hakuzungumzia tena rangi. Siku hiyo hiyo alihamisha beseni, akazungushia kamba, na tangi likakaa chini mpaka miguu yote minne ilipobadilishwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na pale nguo ilikuwa ya buluu, mpya kabisa.

Namna ya kukagua, hatua kwa hatua

Huhitaji mashine. Chukua nyundo ndogo, bisibisi, brashi ya waya, tochi, jembe dogo na simu yako.

Kwanza, kama ni mnara, toa maji yote na ondoa watu chini yake kabla hujagonga chochote. Usipande juu ya mnara unaoutilia shaka.

Pili, fukua sentimita 15 hadi 20 kuzunguka kila nguzo. Usiishie nguzo moja ukasema zote ziko hivyo. Upande unaopokea upepo wa bahari na upande wa mbolea huoza kwanza.

Tatu, angalia rangi. Unga mweupe juu ya bati ni zinki inayoliwa. Chuma bado kizima, una muda wa kuwahi. Madoa ya kahawia ni dalili kwamba zinki imeisha pale. Rangi iliyovimba kama malengelenge usiiamini, itoboe uone kilichomo. Michirizi ya kahawia inayoshuka kutoka kwenye kiungo inakuambia kutu iko ndani.

Nne, gonga kuanzia juu kwenda chini, ukisikiliza. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza.

Tano, parua magamba yote kwa brashi ya waya ndipo uamue. Kwa vile kutu inavimba, ganda nene halimaanishi chuma chote kimekwisha. Na ganda dogo nalo lisikudanganye. Sukuma bisibisi kwa nguvu ya mkono. Ikitoboa au ikibonyeza, hiyo nguzo imekwisha.

Sita, kama jukwaa lako ni la zege, tafuta nyufa zinazofuata mstari wa nondo pamoja na doa la kahawia. Hiyo ni nondo inayovimba ndani. Mara nyingi chanzo ni zege lililofunika nondo kwa unene mdogo, au mchanga wa ufukweni uliokuja na chumvi yake.

Saba, piga picha kila mguu mahali pale pale, uandike tarehe. Kutu inakwenda taratibu kiasi kwamba macho yanaizoea. Picha mbili zilizopishana miezi sita hazizoei kitu.

Ukiikuta

Kutu ya juu juu unaimudu mwenyewe. Parua kwa brashi ya waya na msasa mpaka uone chuma cheupe. Osha kwa maji yasiyo na chumvi, hasa pwani, kwa sababu chumvi ikibaki chini ya rangi itavuta unyevu na kuanza upya. Acha pakauke kabisa. Paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo kabla umande haujashuka, kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta. Kwenye chuma chenye zinki, tumia rangi yenye zinki nyingi kuziba palipochubuka.

Kama chuma kimetobolewa, rangi haina kazi tena. Hapo ni kukata na kubadilisha, na kwa mnara ni kazi ya fundi anayejua kubeba uzito kabla hajakata. Usikubali kuchomelewa kiraka juu ya mguu uliooza huku tangi limejaa. Kiraka kinashikamana na nini, na kutu?

Na kama fundi anachomelea chuma chenye zinki, aisage kwanza ile zinki na afanyie kazi mahali pa wazi. Moshi wake mweupe unaleta homa na kutetemeka.

Zuia tangu siku ya kununua

Dukani utaonyeshwa mabomba yanayong'aa rangi ya fedha. Mengine yamechovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, mengine yamepakwa rangi ya fedha tu. Kwangua kwa msumari. Rangi inabanduka na kuacha chuma cheusi. Zinki haibanduki, inakwaruzika na kung'aa. Chuma cha unene wa milimita 3 hadi 6 kilichochovywa vizuri baada ya kutengenezwa kinatakiwa kuwa na zinki ya wastani wa mikroni 70. Bati lenye zinki ya gramu 275 kwa mita ya mraba, pande mbili zikijumlishwa, lina mikroni kama 20 tu kila upande. Zirudie zile namba za C4, upige hesabu ya haraka kwa mikroni 4 kwa mwaka: moja ina miaka kama 17, nyingine kama 5. Kwa hiyo uliza unene wa zinki, usiulize bei peke yake.

Wakati wa kujenga, zege la msingi lipande juu ya ardhi sentimita 15 hivi na liwe na mteremko kutoka kwenye nguzo, maji yasituame. Funika midomo ya mabomba juu, na chini kabisa toboa tundu la milimita 8 hadi 10 ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Bomba la kufurikia lipeleke maji mbali na miguu, hata kwenye miche ya migomba. Bati likate kwa mkasi. Ukitumia grenda, fagia vumbi la chuma siku hiyo hiyo, maana linaganda juu ya bati na kuanza kutu. Mbolea ihifadhi juu ya vichaga, mbali na nguzo. Ukimaliza kupitisha mbolea kwenye mfumo wa matone, pitisha maji matupu mpaka mabomba yawe safi.

Kalenda yako

Kwa sisi wa pwani, mwezi Februari, kabla masika hayajaanza, kagua. Ukikuta udhaifu, una muda wa kuuziba kabla upepo na mvua havijaujaribu. Juni, masika yakiisha, kagua tena. Kilichojificha kitakuwa kimejitokeza. Julai hadi Septemba, wakati pakavu, paka rangi. Kila mwezi fanya jambo dogo: ondoa udongo na samadi kwenye nguzo, osha chumvi upande wa chini wa mapaa, zibua matundu ya kutolea maji.

Asubuhi moja inatosha kwa shamba la ekari chache. Iandike kwenye daftari lile lile la kupulizia dawa, mstari mmoja kwa kila nguzo: nzima, ya kuangalia, ya kubadilisha. Ukipata ya kubadilisha kwenye mnara, usisubiri mavuno. Toa maji leo, ondoa watu chini yake leo, halafu ndipo utafute hela ya fundi.